Mji Uliokatwa kwa Msumeno

Tuliujenga chumbani kwa kina Shee, Majengo,
kwa sababu kwao tu ndiko kulikuwa na sakafu tupu
tangu dada yake aolewe akaondoka na kitanda.
Plaiwudi iliingia imelala ubavu.
Wakati huo haikuwa mji.

Masharti yalisema: watu elfu thelathini,
milimita moja kwenye ubao ni mita moja duniani,
gharama isizidi shilingi elfu mbili,
na kila kitu kiwe kimewahi kuwa kitu kingine.

Kwa hiyo hospitali ilikuwa kiberiti.
Uwanja wa mpira, kifuniko cha ndoo.
Miti ilikuwa sponji ya kuoshea vyombo,
Mbeyu akiikata kwa wembe, mmoja mmoja,
na kuipa majina: huu mkwaju, huu mwarobaini,
huu siujui, lakini una kivuli.

Mimi nilipewa maji.
Nina kisa na maji tangu utotoni:
mfereji wetu hufunguliwa Jumanne, usiku wa manane,
na Jumanne nyingine hukohoa tu, ukanyamaza.
Kila paa nililitwika tangi, punje ya pilipili manga,
na uzi wa buluu ukiteremka kutoka kilimani.
Munyoki akacheka: Mombasa ina kilima wapi?
Nikamwambia, huu si Mombasa.
Basi ni wapi?
Nikatia gundi.

Wiki sita mamake Shee alituruka akienda kuchota mchele.
Soko liko wapi? Tukamwonyesha.
Na choo cha sokoni?
Tukatafuta kiberiti kingine.

Asubuhi ya mashindano ndipo tulipoupima mlango.
Tulikuwa tumepima kila kitu,
mzigo wa daraja, kina cha mitaro,
Shee alijua kwa moyo uzito wa mvua ya Mei juu ya paa.
Mlango, hapana.
Tukauinamisha mji, pilipili zikamwagika,
ukatoka nusu, ukakwama kwenye kona ya kichochoro,
huku mwenye mkokoteni akipiga mluzi barabarani
na saa zake anatuhesabia.

Mamake Shee alisimama na mwiko mkononi.
Hapa, akasema, ndipo tulipomsimamisha babako.
Jeneza lilikataa kupinda.
Alitoka wima, kama mtu aliyekuja kuaga.
Kisha akaenda kwa fundi wa vitanda kuazima msumeno.

Shee ndiye aliyekata. Mbeyu alifumba macho.
Msumeno ulipita sokoni, ukapita kati ya shule na zimamoto,
ukaukata uzi wangu wa buluu mahali pawili.
Mji ukasafiri juu ya mkokoteni, nusu mbili bega kwa bega,
na katika kila shimo la barabara zikigongana.

Ukumbini Tononoka wenzetu walikuwa na minara ya vioo,
taa zinazopepesa,
daraja linalojifungua kwa rimoti.
Jaji aliinama, miwani ikimteleza puani.
Na huu ufa?

Munyoki alikuwa amekariri mitaro.
Mimi nilikuwa na maji, ambayo sasa hayakufika popote.
Kimya kikawa kirefu kuliko muda tuliopewa.

Si ufa, Mbeyu akasema. Ni njia.
Msumeno umekula milimita mbili.
Ni mita mbili, kutoka mwisho wa mji hadi mwisho wa mji.
Jeneza hupita limelala.
Hata mgonjwa. Hata kitanda cha bibi harusi.

Jaji alimtazama Shee, sijui kwa nini Shee,
akaandika neno moja, tusilione.

Tulikuwa wa nne.
Wa tatu walipewa kalkuleta.

Nusu moja iko shuleni, juu ya kabati la maabara.
Nyingine ilirudi Majengo, ikapita mlangoni bila neno,
na mamake Shee huanika vitunguu saumu upande wa uwanja.

Jumanne iliyofuata, usiku wa manane,
ndoo zangu zikiwa foleni, mfereji ukikohoa,
nilikipima kichochoro chetu kwa shubiri:
tano, na vidole viwili.
Nikaandika ukutani kwa mkaa.